Chapa Kumi na Nne

Jumatatu, 7 Machi 1966

Daftari jipya. La zamani limejaa, nimelifunga kwa uzi.

Leo nimetuma barua nne kwa mpigo. Stempu nimenunua mwenyewe, sikugusa za ofisi. Moja Kampala, wanakotoa digrii. Moja chuo cha Bonde la Ufa, diploma ya miaka mitatu. Moja chuo cha serikali upande wa Mlima Kenya — cheti tu, lakini karibu bure. Ya nne kwa watu wa Nairobi waliotangaza gazetini: digrii ya kilimo kwa njia ya posta, miezi kumi! Hiyo nimeandika ili nisije kusema sikuuliza.

Maswali ni yale yale kwa wote. Karo ni kiasi gani. Chuo kina ng'ombe wake wangapi. Maabara. Walimu wangapi wana digrii wenyewe. Mwaka jana walifaulu wangapi na walianguka wangapi. Majibu yakija nitalinganisha.

Koricha amesoma bahasha juu ya bega langu. Ndiye mchanjaji wetu hapa ofisi ya mifugo, Mborana wa Buna, kunyamaza hajui.

— Digrii ya kulima! Utalima wapi, Dubow? Huu mchanga? Utapanda nini, risasi?

Nimemwambia ni kilimo na mifugo pamoja. Akasema ng'ombe wa kwao Buna hawajawahi kumwuliza mtu cheti.

Sababu anaijua lakini. Daktari wa mifugo akienda likizo, mnada unafungwa, maana hakuna mwingine mwenye haki ya kutia sahihi kwamba ng'ombe ni wazima. Mwaka jana ilikuwa miezi mitatu. Watu waliuza maksai kwa bei ya mbuzi, gizani, kwa wachuuzi wa magendo. Huyu daktari akiondoka ataletwa mwingine wa mbali, naye atakuwa na likizo yake. Mkoa mzima hakuna mwenyeji hata mmoja mwenye sahihi hiyo. Fomu najaza mimi, karani. Mstari wa mwisho nauacha wazi.


Jumatano, 30 Machi

Majibu yote manne!

Msafara wa malori uliingia jana. Lori la mbele lilikanyaga bomu, askari wawili wamekufa. Mifuko ya barua ilikuwa lori la tatu. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, ndipo nikaona watu wananitazama.

Kampala: wanataka cheti cha juu cha miaka miwili zaidi. Sina.

Mlima Kenya: wamejaa mwaka huu. Tena mwombaji kutoka wilaya zilizofungwa lazima apendekezwe na wilaya yake.

Watu wa posta: karatasi ya rangi, picha ya simba, hakuna swali hata moja lililojibiwa. Wanataka malipo ya kwanza haraka. Anwani ni sanduku tu. Nimeichana. Koricha kaokota kipande chenye simba akakibandika kwenye kasha la sindano. — Sasa sindano yangu ina digrii, anasema.

Bonde la Ufa: kurasa mbili za taipu, maswali yangu yamejibiwa moja baada ya jingine, kwa namba. Ng'ombe wa maziwa mia mbili. Maabara mbili. Kila mwaka wawili wanaofanya vizuri kuliko wote wanapelekwa Kampala kumalizia digrii. Kwa alama zangu za mtihani wa Cambridge watanichukua, iwapo nusu ya karo itafika kabla ya 15 Juni na mimi mwenyewe niripoti Jumatatu 11 Julai. Nusu ni shilingi mia nane. Mshahara wangu ni mia moja na themanini, na nusu yake ni chakula cha nyumbani.

Nimechora jedwali, nimelinganisha. Kilicho bora na ambacho naweza hata kukiota ni hicho kimoja.


Jumamosi, 9 Aprili

Kwa Chifu Gelle na fomu ya msaada wa karo. Inataka sahihi yake kwamba familia ni tiifu kwa serikali. Alikuwa ananyolewa nje ya duka. Hakugeuza kichwa.

— Baba yako alete bunduki moja, natia sahihi.

— Aabo hana bunduki, Chifu.

— Kila mtu hana bunduki. Kerrow atafute.

— Atafute wapi?

— Wanakouza.

Kinyozi akacheka mpaka akasimamisha wembe.

Yaani Aabo, baba yangu, akanunue bunduki kwa shifta, wale waasi wa porini, aje kuikabidhi serikalini, ithibitike kwamba hana uhusiano na shifta. Nimesoma sentensi hii mara mbili kuona kama nimekosea kuandika. Sijakosea.


Jumapili, 24 Aprili

Nimerudi kutoka kambi ya Aabo. Mwendo wa saa tatu kwa miguu, kibali cha siku mbili.

Aabo amefanya jambo ambalo sikumwomba. Amewaita wote wanaolipa damu pamoja nasi. Wanaume hawa huitana mmoja wetu akiua mtu, wachangie fidia, au akiuawa, wagawane. Kwa kingine hawajawahi kuitana. Basi wamekuja na nyuso za msiba. Adeer Nunow, kaka mkubwa wa Aabo, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na kupigana Burma, ambaye hata leo gari la serikali likipita anapiga saluti — hakunisalimu hata.

— Umemuua nani?

— Sijaua mtu, Adeer.

— Umejeruhi?

— Hapana. Nataka kwenda shule.

Kisha Osob, mzee wa meno mekundu, mtafuna tumbaku:

— Afadhali angeua. Bei ya mtu tunaijua, ni ngamia mia. Shule ni ngamia wangapi?

Wakacheka, nami nikacheka. Halafu maswali, mpaka jua likahama upande. Je, shule hiyo inabadilisha mtu dini? Kuna nguruwe? Nikasema wapo, wanafunzi wanawasomea, hawawali. Osob akasema nikirudi nimpe mkono wa kushoto, wa kulia utakuwa umesomea nguruwe. Nitarudi kweli, au nitaoa Nairobi kama yule wa Takaba? Nikipata hiyo sahihi, nitawauzia ndugu zangu au nitawapa?

Mwishowe Adeer Nunow alisimama. Alisema tumewalipia wapumbavu waliochoma watu visu kisimani, mmoja mara mbili. Huyu hajamchoma mtu. Akatoa watatu.

Basi wakasimama mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina lake, ng'ombe wake na chapa yake, wote wakisikia. Kilichosemwa pale hakirudishwi. Aliyewahi kujaribu kurudisha tunamjua kwa jina la utani na wajukuu zake wanaitwa hilo hilo. Mama Shamso, mjane, alikuja bila kuitwa, akasimama kati ya wanaume. Mtamba mwekundu. Nikasema, mama, huyo ndiye pekee uliye naye.

— Ndiyo, akasema. Kwa hiyo usianguke mtihani.

Nyumba kumi na nne. Ng'ombe kumi na saba. Watatosha mwaka mzima, si nusu!

Nimewaandika wote kwa utaratibu wa ofisi, katika daftari lao peke yake. Chapa nimeichora, mkato wa sikio, rangi, jina la mtoaji, tarehe. Kurasa mbili. Nitalibeba daftari hilo hata chuoni.


Jumanne, 17 Mei

Kibali cha kuhamisha mifugo hadi mnadani. Fomu ina mstari mmoja wa mwenye mali. Fomu kumi na nne zingetaka sahihi kumi na nne za Chifu Gelle, na sahihi ya Gelle bei yake naijua. Kwa hiyo: mwenye mali, Kerrow, yaani Aabo. Idadi, kumi na saba. Daktari ametia sahihi huku anafunga sanduku lake, anaanza likizo kesho. Mnada wa tarehe 27 umeruhusiwa, ndio wa mwisho.

Koricha ameisoma kabla sijaikunja.

— Chapa kumi na nne, mwenyewe mmoja?

— Mstari ni mmoja.

— Mstari ni mmoja. Askari ana macho mawili.

Nikamwambia akaoshe sindano zake.


Ijumaa, 27 Mei

Wamezuiwa. Aabo na ng'ombe wote, kwenye kizuizi cha mtoni. Wachungaji wawili aliokuwa nao wameachiwa, ndio walionijia mbio ofisini.

Kwetu kundi lenye chapa nyingi ni kundi la fidia. Mtu yeyote akikutana nalo njiani anauliza nani kafa. Askari hawaulizi. Kwao ni wizi.

Na uko waraka. Agosti mwaka jana: kundi lolote lenye chapa zaidi ya tatu chini ya jina moja lizuiwe na mwenye kibali akamatwe. Niliupiga taipu mimi. Nakala sita.


Jumamosi, 28 Mei

Nilivaa shati jeupe. Nikachukua barua ya chuo, nakala ya kibali, daftari la chapa. Nilikuwa na hakika kwamba karatasi zikionekana mambo yataisha. Niandike hilo. Nilikuwa na hakika.

Inspekta ni mtu wa bara, sauti ya upole. Alinipa kiti. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akatazama, akafungua wa pili.

— Umechora wewe?

— Ndiyo, afande.

— Mwandiko mzuri.

Akamwita sajini.

— Sajini, njoo uone. Miaka miwili tunawapiga watu hapa tukiwauliza nani anawalisha shifta. Wanakufa nalo tumboni. Huyu kijana ametuletea kwa wino. Mpaka rangi ya ng'ombe!

Nikasema ni mchango wa karo yangu. Nikampa barua. Aliisoma yote, hata anwani.

— Chuo kizuri hiki. Mtoto wa kaka yangu walimkataa.

Akanirudishia, ameikunja mara nne.

— Haya, karani. Kibali kinasema ng'ombe ni wa Kerrow. Daftari linasema ni wa watu kumi na nne. Ama Kerrow amewaibia. Ama wamempa apeleke mahali. Watu kumi na nne wa hapa wakitoa ng'ombe pamoja, mimi najua wanampa nani.

— Wamenipa mimi, afande.

— Wewe nani?

Nikatia barua mfukoni.

Daftari limebaki kwake. Nilipotoka nilimsikia Aabo akikohoa nyuma ya ukuta. Nikakohoa pia. Basi.


Jumatano, 8 Juni

Wameanza kuliwa. Askari wa kambi wanataka nyama, na ng'ombe hao, anasema Inspekta, wanamaliza nyasi za serikali. Ngozi zitahifadhiwa, chapa ionekane, ndizo ushahidi. Nyama si ushahidi.

Lakini askari hawali nyama isiyo na cheti cha uzima. Daktari yuko likizo. Mkuu wa ofisi alizunguka meza mara mbili, kisha akasema karani atie sahihi kwa niaba. Sheria ni sheria.

Nimetia. Maksai mweusi, sikio la kulia limekatwa, chapa ya Adeer Nunow. Hali: mzima. Jina langu chini.

Koricha ndiye aliyemshika pembe. Hakutania. Hilo ndilo lililonitisha.


Jumatano, 15 Juni

Siku ya mwisho ya kulipa imepita. Nimewaandikia chuo, nimesema kuna kuchelewa kwa sababu ya hali ya wilaya. Sentensi moja. Nyingine zote nilizifuta.

Watano wameliwa. Mtamba wa Mama Shamso alikuwa na mimba ya miezi minne. Fomu haina mahali pa kuandika hilo.

Hooyo, mama yangu, alimpelekea Aabo maziwa. Askari wa langoni wakanywa, wakamrudishia kibuyu.

— Wamekiosha, alisema. Wana adabu.


Ijumaa, 24 Juni

Chuo wamejibu kwa simu ya maandishi. Nafasi yangu wataishika mpaka 11 Julai, nije na karo au na barua ya msaada mkononi. Baada ya hapo anapewa mwingine. Nilisimama na karatasi hiyo posta mpaka karani wa posta akaniuliza kama ni msiba.

Saa nne nikaitwa kwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa. Kijana, amesoma Kampala, ana vitabu kwenye rafu mpaka juu. Alizungumza nami kama mtu na mwenzake. Serikali inahitaji watu kama mimi, mkoa huu hauna hata mmoja. Akafungua faili: barua ya msaada, karo yote, miaka mitatu, jina langu limeshapigwa taipu. Na pasi ya kupanda msafara wa Ijumaa tarehe 8. Havijatiwa sahihi, vyote viwili.

— Tarehe 7 kuna ukaguzi. Wale watu wako kumi na wanne wataletwa. Mkalimani wetu mgonjwa. Utatafsiri tu. Hakuna zaidi.

Nikauliza watafanywa nini. Akanieleza, kwa uvumilivu, kama mwalimu. Mmoja mmoja ataonyeshwa ngozi. Akisema chapa ni yake, basi alitoa ng'ombe apelekwe kwa jina la mtu mwingine: ni mlishaji wa shifta. Mifugo yake yote ni ya serikali, naye anapelekwa kizuizini bara. Akisema si yake, anarudi nyumbani kwake.

— Na Aabo?

— Ikiwa si zao na Kerrow alikuwa nazo, Kerrow ni mwizi. Miaka mitano, pengine saba. Sheria imewaachia watu wako mlango, Dubow. Wengi mahali pengine hawana.

Alikuwa anasema kweli. Aliona ni wema.


Jumatatu, 4 Julai

Nimeruhusiwa kumwona Aabo. Dakika tano, waya katikati. Meno mawili ya mbele hayapo. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa.

Hakufikiri hata kidogo.

— Waseme si zao.

— Watakuandika mwizi, Aabo.

— Nani? Hawa? Hawa wameniandika mara ngapi. Nyumba kumi na nne zina watoto. Mimi ni mmoja, na goti limeshaharibika.

— Hawatakubali kusema. Walitoa mbele ya watu. Adeer Nunow atasema si yake? Osob?

Akasogea kwenye waya.

— Si wewe ndiye mkalimani?

Na akatabasamu, na lile pengo.


Alhamisi, 7 Julai

Saa saba na nusu mchana. Naandika kwenye karatasi za ofisi, nitabandika baadaye. Niandike polepole.

Uwanja wa nyuma wa polisi. Ng'ombe wote wameshaliwa; ngozi kumi na saba zimelazwa safu moja, upande wa chapa juu. Meza: Inspekta, Bwana D.O. na faili lake, mimi nimesimama pembeni. Koricha ameletwa kwa kazi ya kuinua ngozi kwa fimbo, maana ni mtu wa mifugo. Watu wako nje ya uzio wa mabati, wanaitwa mmoja mmoja. Inspekta alianzia ukurasa wa pili wa daftari langu, kwa wadogo.

Mama Shamso wa kwanza. Koricha akainua ngozi nyekundu. Nikamwuliza kwa Kisomali kama nilivyoambiwa: hii ni ya nani?

— Mwambie ni yangu. Nilimpa Dubow wa Kerrow akasome. Na umwulize nyama ilikuwa laini? Alikuwa na ndama ndani.

Nikasema kwa Kiswahili:

— Anasema hamjui ng'ombe huyu.

Inspekta akainua macho.

— Kasema mengi kuliko hayo.

— Anaapa, afande.

Koricha anajua Kisomali kama mimi. Alitazama ngozi.

Inspekta akaandika. Kila mtu akikana, jina linakatwa kwenye karatasi moja, na kwenye karatasi ya Aabo mstari unaongezwa. Naona kutoka nilipo. Mstari mmoja. Mama Shamso akanishika bega akipita.

— Soma, alisema.

Wa pili, wa tatu. Kufikia wa tatu sauti yangu haikutetemeka. Niandike na hilo. Kila mmoja alisema yake, kwa jina, kama siku ile kambini. Kila mmoja nikamkana. Nikaanza kubadilisha maneno ili yasifanane: huyu anasema ya kwake ina mduara, huyu anasema ng'ombe zake walikufa zamani kwa homa ya mapafu. Osob akasema:

— Mwambie nilitoa mmoja, na kwa alivyonenepa tangu awale ningetoa wawili.

— Anasema macho yake hayaoni vizuri, lakini hii si yake.

Saba wamepita. Saba wametoka langoni wakienda nyumbani, kila mmoja akidhani amesimama kunitetea. Mistari saba.

Wa nane Inspekta aliruka akaita ukurasa wa kwanza. Adeer Nunow.

Sikujua kwamba alikuwa amesimama asubuhi yote kwenye pengo la mabati, sikio ndani. Watu wote kumi na nne, ni yeye tu anayejua Kiswahili. Nilimsahau. Naandika majina ya watu kwa rangi ya ng'ombe zao na hilo nikalisahau!

Aliingia na koti lake la jeshi, limepigwa pasi. Saluti. Nikafungua mdomo kumwuliza kwa Kisomali. Akaninyamazisha kwa kiganja.

— Efendi, mimi najua Kiswahili. Mimi Keya, Burma, miaka tano. Huyu kijana nadanganya wewe tangu asubuhi.

Inspekta akasimamisha kalamu.

— Kerrow ni ndugu yangu, tumbo moja. Si mwizi. Kwetu hakuna mwizi. Hii ng'ombe tatu ni yangu, mimi nabeana, kwa mkono hii. Na wale saba wote nabeana, wote nasema ndiyo kwa yeye, yeye nasema hapana kwa wewe. Andika fizuri.

Kisha akanigeukia, kwa Kisomali, taratibu, si kwa hasira:

— Wachukue ngamia, wachukue mpaka mkeka. Neno hilo, mwizi, hawataliandika juu ya watoto wa baba yangu. Nani alikutuma?

Ningesema ni Aabo?

Inspekta aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Alifurahi, kama mtu aliyeletewa chai.

— Mmoja wenu mwongo. Twende tukale kwanza. Saa nane, karani, utaniambia ni yupi. Na kama si mzee, utaniambia wale saba walisema nini hasa. Neno kwa neno. Wewe si mtu wa utaratibu?

Bwana D.O. alichukua barua yangu ya msaada iliyokuwa mezani akairudisha ndani ya faili. Hakuichana. Ilipopita mbele yangu nikaona sahihi iko tayari.

Adeer wamemkalisha juani, katikati ya ngozi. Amekaa wima.

Nimefikiri kwa mpango. Nikisema Adeer mwongo: wale saba wako salama, Aabo ni mwizi kwa miaka yake yote, Adeer anafungwa kwa kudanganya serikali, kesho saa kumi na mbili niko kwenye msafara. Nikisema mwongo ni mimi: Aabo si mwizi. Lakini saba hawajafika mbali, lori litawaokota kabla hawajanywa maji, na wengine sita bado wako nje ya mabati. Na mimi ndani. Nimetafuta njia ya tatu. Nimegawa karatasi mistari mitatu, wa tatu uko mtupu.

Na jambo lenye kuniaibisha kuliko yote, hakuna atakayelisoma: nilipokuwa nafikiria, mara mbili nilijikuta najiuliza kama Bonde la Ufa kuna baridi, na kama sweta inauzwa pale pale chuoni.

Koricha ameniletea maji, akakaa kando yangu kwenye ngazi. Nimemwuliza: Wakikuuliza wewe?

— Tangu asubuhi, amesema, naomba wasikumbuke kwamba nina masikio.

— Lakini wakikuuliza?

— Nina watoto wanne, Dubow. Na hawa si watu wangu. Usiniulize.

Hata hivyo hajaondoka. Tumekaa. Anakunywa polepole kutoka kikombe kile kile.

Saa nane kasoro dakika tano. Sajini ametokea mlangoni, anafuta mdomo. Anaita. Nimeshainuka — si mimi.

Ni Koricha. Inspekta anamtaka Koricha kwanza, peke yake.

Ameweka kikombe chini. Hajaniangalia. Anaenda, anafika kwenye ngozi, anazizunguka asikanyage hata moja.